Mchele wa Wiki Moja: Akiba ya Chakula katika Nyumba za Michenzani

Mwezi Machi 2025 Tume ya Umoja wa Ulaya ilizishauri familia za nchi wanachama wake ziwe na chakula, maji na mahitaji mengine ya lazima yatakayozitosha kwa saa 72 pasipo kutegemea msaada wa nje. Miezi michache kabla ya hapo Sweden ilikuwa imepeleka kijitabu katika kila nyumba, kikiwataka wananchi wajiandae kujitegemea kwa wiki nzima; Norway nayo ilikwisha kuongeza muda wake kutoka siku 3 hadi siku 7. Ushauri huo ulitolewa katika nchi tajiri, zenye barabara, reli na maghala, kwa sababu vita vya Ukraine vimewakumbusha watu wake kwamba amani na umeme si vitu vya kudumu kama jua. Nasi tunaosoma habari hizo tukiwa Unguja, kisiwa ambacho sehemu kubwa ya mchele wake, unga wake wa ngano na sukari yake huvuka bahari kabla ya kufika jikoni, tunao wajibu wa kujiuliza swali lilelile kwa lugha ya kwetu. Ikiwa boti na majahazi hayavuki kwa wiki moja, ndani ya nyumba zetu kuna nini?

Tunaliuliza swali hili tukiwa na Michenzani mbele ya macho yetu. Majumba yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, kwa fikra ya Mzee Abeid Amani Karume na kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yalikusudiwa kumwondoa mwananchi wa Ng'ambo katika kibanda cha udongo na kumpa makazi yenye bomba la maji na taa ya umeme. Yalikuwa, na bado ni, alama ya heshima. Lakini nyumba ya zamani ya Ng'ambo ilikuwa na ua. Uani kulikuwa na nafasi ya kuanika muhogo, ya kuweka mafiga na kuni, na jirani alikuwa na kisima. Fleti haina ua. Mtu wa ghorofa ya 5 anategemea bomba, swichi na ngazi. Bomba likikauka, kila dumu la maji hupanda mabegani mwa mtu, na kila kilo ya mkaa vilevile. Kwa hiyo tunaposema akiba ya nyumbani, Michenzani ni mahali ambapo neno hilo lina uzito wake halisi, wa kilo na wa ngazi.

Wala hatuzungumzi mambo ya kubuni. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliokuwa ukitumika tangu mwaka 1980, ulikuwa ndio mshipa pekee wa kisiwa, na hitilafu ilipotokea hakukuwa na mwingine wa kushika nafasi yake. Watu wengi walidhani hilo ni jambo la mara moja katika maisha. Mwezi Desemba 2009 likatokea tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Noeli ya mwaka ule iliadhimishwa kwa mishumaa na kelele za majenereta. Waliokuwa watu wazima siku hizo wanakumbuka kwamba giza lenyewe lilikuwa nusu tu ya taabu. Pampu zilisimama, kwa hiyo maji yakaadimika. Wanawake na watoto wakapanga madumu visimani tangu alfajiri. Samaki na nyama zilizokuwa katika mafriza zikaharibika ndani ya siku mbili. Wale walioamini kwamba friza iliyojaa ndiyo akiba waligundua kwamba walikuwa wameweka akiba yao juu ya waya uleule uliokatika. Mwaka 2013 waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa, na hali ni bora kuliko zamani, lakini somo la friza halijapitwa na wakati.

Bahari nayo hufunga. Mapema mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa kwa usalama wa abiria. Kilikuwa ni kitendo cha busara, hasa kwa watu ambao hawajasahau MV Spice Islander ya Septemba 2011 na MV Skagit ya Julai 2012. Zilikuwa siku chache tu. Hata hivyo historia ina mfano mzito zaidi: tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, kikazamisha vyombo bandarini, na kuvuka hadi Bagamoyo kubomoa majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Miaka 150 bila kimbunga kama kile ni neema, na hakuna aliyetuahidi kwamba itaendelea.

Njaa ya kisiwa, hata hivyo, mara nyingi haikuletwa na upepo. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, Unguja iliyokuwa imezoea kula mchele wa Asia ilijikuta bila mchele. Serikali ya kikoloni ikaanzisha mgao, na mgao huo ukafuata asili ya mtu: aliyeandikwa kuwa Mwarabu au Mhindi alipewa stahili tofauti na aliyeandikwa kuwa Mwafrika. Wanahistoria wamekwisha kuonesha jinsi kadi ya mchele ilivyochochea mabishano ya nani ni nani katika visiwa hivi, mabishano ambayo matunda yake machungu tuliyaona miaka ishirini baadaye. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1970, uagizaji wa chakula ulipobanwa kwa nia ya kuwafanya wananchi wajitosheleze kwa jembe lao, mchele, unga na sukari vilitolewa kwa mgao na watu wakasimama foleni. Wazee waliohamia majumba mapya ya Michenzani katika miaka hiyo walipewa nyumba nzuri na pishi tupu kwa wakati mmoja. Tunaambiwa na baadhi yao, kwa kicheko kisicho na furaha, kwamba ndipo walipojifunza kulipenda shelisheli.

Liko jambo jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini, nasi tunaona heri lisemwe wazi. Kila baada ya miaka mitano, siku za kupiga kura zinapokaribia, familia nyingi za Unguja hununua chakula kuliko kawaida. Wapo wanaowasafirisha watoto kwenda Bara kwa jamaa, wapo wanaojaza maji kila chombo kilichomo ndani. Baada ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar kuufuta uchaguzi tarehe 28 Oktoba 2015, kipindi cha wasiwasi kiliendelea hadi uchaguzi wa marudio wa Machi 2016. Akiba ya namna hii ni kipimo cha imani ambayo wananchi wanayo kwa amani yao wenyewe. Mama anayenunua kilo 25 za mchele kwa sababu ya mvua za masika anafanya hesabu ya majira. Anayezinunua kwa sababu ya kura anatoa shahada kuhusu nchi yake, na viongozi wa siasa wangefanya vema kuisoma shahada hiyo kwa makini sawa na wanavyosoma matokeo.

Je, Mkristo anayesali kila siku akiomba mkate wa siku hiyo ana haki ya kuweka mchele wa kesho? Swali hili si la watu wa dhihaka; tumeulizwa na waamini wacha Mungu, ambao wanaogopa kuonekana hawamwamini Mungu. Maandiko Matakatifu yanajibu kwa namna mbili zinazoonekana kupingana. Jangwani, Waisraeli waliookota mana kupita mahitaji ya siku waliikuta asubuhi ina mabuu na harufu mbaya. Lakini siku ya sita waliokota maradufu kwa amri ya Mungu mwenyewe, na ile iliyobaki kwa ajili ya Sabato haikuharibika. Chakula ni kilekile na watu ni walewale. Tofauti iko katika sababu ya kuweka. Kadhalika tajiri wa Injili ya Luka, aliyebomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, hakulaumiwa kwa kuvuna sana. Katika mazungumzo yake yote na nafsi yake hakuna jirani hata mmoja anayetajwa. Mtu yule hakuwa na mtu wa kula naye.

Yosefu mwana wa Yakobo hutolewa mfano kila mara katika mafundisho kuhusu akiba, kwa maana alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba ya neema akaokoa watu katika miaka saba ya njaa. Ni mfano sahihi. Lakini tunawaomba wasomaji wetu wasiishie sura ya 41 ya kitabu cha Mwanzo, waendelee hadi sura ya 47. Huko wataona kwamba Wamisri, waliokuwa hawana nafaka majumbani mwao kwa sababu yote ilikuwa katika ghala za Farao, walianza kununua kwa fedha, fedha ilipokwisha wakatoa mifugo, mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba yao na miili yao. Ghala kuu iliwaokoa na kifo, ikawaacha watumwa. Mafundisho Jamii ya Kanisa yana kanuni inayoitwa kanuni ya auni: kile ambacho familia au jumuiya ndogo inaweza kujifanyia isinyang'anywe na mamlaka ya juu, na mamlaka ya juu isaidie pale nguvu ya wadogo inapokoma. Zanzibar ina Sheria ya Usalama wa Chakula na Lishe ya mwaka 2011, na inayo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Hivi ni vyombo vya lazima, na tunavitaka viwe na nguvu. Havitoshi peke yake. Kaya isiyo na chochote ndani ni kaya isiyo na sauti mbele ya mfanyabiashara, mbele ya mwanasiasa na mbele ya mfadhili.

Upande wa pili wa mambo unasemwa vizuri zaidi na Mtakatifu Basili Mkuu. Ukame ulipoleta njaa Kaisaria ya Kapadokia yapata mwaka 369, wenye nafaka walifunga milango wakingoja bei ipande. Basili aliwahubiria kwa maneno makali kwamba mkate uliofungiwa kabatini pasipo haja ni mali ya mwenye njaa. Kisha hakuishia kuhubiri, akawakusanya wenye njaa, akawapikia mchuzi wa jamii ya kunde katika masufuria makubwa na kuwahudumia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, ulirudia fundisho hilo kwa kusema kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya watu wote, na hayati Baba Mtakatifu Francisko hakuchoka kufananisha chakula kinachotupwa na chakula kilichoibwa mezani pa maskini. Kwa hiyo tuna mipaka miwili. Kutoweka kabisa, kwa mwenye uwezo, ni uzembe unaowageuza watoto wake kuwa mzigo wa majirani siku ya shida. Kuweka kupita haja, wakati soko limepungukiwa, ni kumnyang'anya jirani huyohuyo.

Haja ni kiasi gani, basi? Mashirika ya misaada hukadiria kwamba mtu mmoja anahitaji wastani wa kilokalori 2,100 kwa siku, na mgao wa kawaida wa dharura huwa karibu gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde na gramu 25 za mafuta ya kula kwa kila mtu. Tuichukue familia ya watu watano. Kwa siku saba itahitaji kilo 14 za nafaka, kilo 2 na kidogo za maharage, choroko au kunde, mafuta yasiyofika lita moja, na chumvi ya pakiti moja ndogo. Hicho ndicho chakula cha wiki. Wengi wakisikia neno akiba hufikiria chumba kilichojaa magunia. Kumbe kinakaa chini ya kitanda kimoja, katika ndoo mbili. Maji ndiyo yanayochukua nafasi. Kwa lita 3 za kunywa kwa kila mtu, familia hiyo inahitaji lita 105, yaani madumu matano ya lita 20 na chupa kadhaa, kabla hata ya kuoga na kufua. Ghorofa ya 5 hilo ni jambo la kupangwa siku bomba linapotoka, si siku linapokauka.

Na nishati, ambayo watu huisahau. Kilo 14 za mchele bila mkaa wala gesi ni kilo 14 za punje mbichi. Mtungi wa gesi unaojazwa pale tu unapokwisha humwacha mwenye nyumba mikononi mwa bahari ileile. Tunashauri familia yenye uwezo iwe na njia mbili za kupikia, na isiyo na uwezo iwe walau na gunia dogo la mkaa pakavu. Tahadhari moja tu, isiyo na mzaha: jiko la mkaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, maana moshi wake huua watu wakiwa usingizini.

Methali yetu inasema akiba haiozi. Kwa hewa ya Unguja tunaomba ruhusa ya kubisha. Masika yanapoingia, kuta za nyumba hutoa jasho, na nafaka iliyowekwa katika mfuko wa nailoni sakafuni huvuta unyevu, ikaingia fukusi, kisha ukungu. Sisi wenyewe tuliwahi kuchukua unga wa mahindi tuliouhifadhi kwa fahari kubwa, tukaukuta umegeuka kijivu, tukautupa kwa aibu. Aibu ilikuwa sahihi, na kutupa kulikuwa sahihi zaidi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu itokanayo na ukungu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Asiwepo mama atakayeona uchungu wa kutupa unga ulioota ukungu hata akaupikia watoto uji.

Wazee wetu hawakuwa na vyombo vya plastiki, lakini walijua. Muhogo ulimenywa, ukakatwa, ukaanikwa juani kuwa makopa. Papa na samaki wengine walitiwa chumvi na kukaushwa, na ng'onda alining'inizwa mahali penye moshi na upepo. Kunde na choroko zilichanganywa na majivu au majani makavu ya mwarobaini. Nazi ilikaa katika kifuu chake, na hakuna kopo la kiwandani linaloishinda kwa uhodari. Tukiongeza juu ya elimu hiyo ndoo zenye mifuniko inayobana, au mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ambayo wakulima wa Bara wamekwisha kuizoea, tutakuwa tumefanya kazi kubwa. Ndoo isiguse sakafu wala ukuta. Tarehe ya kununua iandikwe juu yake. Na akiba iwe ni chakula tunachokula kila siku, si kitu cha pekee kinachosubiri balaa: kinachokaa mbele kiliwe, kipya kiingie nyuma. Nyumba inayokula mchele wa mapembe isiweke makopo ya ng'ambo ambayo watoto hawatayagusa.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kila nyumba inanunua kwa kilo. Si kweli, na kila anayekaa dukani Michenzani saa 12 jioni anajua. Mteja wa kwanza anataka mchele nusu kilo. Wa pili anataka mafuta ya kupima, kiasi cha kikombe cha kahawa. Wa tatu anaomba aandikwe daftarini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2019/20 ulionesha kwamba asilimia 25.7 ya Wazanzibari walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Katika miaka hiyo likaja janga la UVIKO-19. Watalii wakatoweka, na vijana wengi wa parokia zetu, waliokuja kutoka Bara kufanya kazi za hoteli, wakabaki na chumba cha kupanga na sufuria tupu. Kumwambia mtu wa namna hiyo aweke akiba ya wiki ni sawa na kumwambia asiyekuwa na viatu atembee taratibu ili visichakae. Isitoshe, sisi tunaonunua kwa gunia tunaweza kumuumiza. India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati mwezi Julai 2023, wafanyabiashara wa nchi nyingi walihisi mtikisiko; soko la kisiwa likitikisika hivyo, kisha familia mia tano zenye uwezo zikakimbilia Darajani siku moja, anayebaki bila kitu ni yule wa nusu kilo. Kwa hiyo wakati wa kununua akiba ni wakati wa utulivu, Bara inapokuwa imevuna na bei imeshuka, na kwa kiasi kidogo kidogo. Si wiki ya uchaguzi. Wala si wiki inayotangulia Ramadhani, wakati jirani zetu Waislamu wanapotafuta unga na sukari kwa ajili ya futari.

Kwa familia ya kipato kidogo lipo jambo moja ambalo linawezekana, nalo tumeliona likifanyika. Kila siku kabla ya kuosha mchele, mama hutoa konzi moja na kuitia katika chombo cha pembeni. Konzi ni kama gramu 50. Kwa siku 280 inafika kilo 14, wiki nzima ya familia ya watu watano. Ni muda wa mimba moja, alituambia mwanamke mmoja aliyefanya hesabu hiyo kabla yetu. Zipo wiki ambazo konzi haitatoka, na zipo ambazo chombo kitafunguliwa kabla ya wakati. Hilo si kushindwa. Chombo kilifanya kazi yake.

Hata hivyo tunaona kwamba jibu la kweli kwa majumba ya Michenzani haliko ndani ya fleti moja moja. Maaskofu wa AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, waliwaza Kanisa lililo mlangoni, linalojua nani amelala na njaa. Jumuiya yenye familia 15, kila moja ikitoa kilo moja ya nafaka, inapata kilo 15: kiasi cha kuibeba familia moja kwa wiki nzima. Wakitoa kila mwezi wa Kwaresima na mwezi wa Majilio, wanabeba familia mbili. Haihitaji mradi wa wafadhili. Inahitaji ndoo nne zenye mifuniko, daftari, na watu wawili wa kushika funguo, maana mmoja peke yake, hata awe mwaminifu, tunamwingiza majaribuni na tunawaingiza wengine katika masengenyo. WAWATA wanao uzoefu wa kutosha wa mambo haya. Tunapendekeza wao ndio waanze, na Caritas ya Jimbo iulizwe ushauri kuhusu uhifadhi.

Daftari hilo liandike pia majina yasiyo ya Wakatoliki. Katika ngazi moja ya Michenzani Mkatoliki ni mmoja kati ya wengi. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na kwa majuma kadhaa jengo zima lilifunga pamoja. Jioni sahani za futari zilivuka milango ambayo juu yake palikuwa na msalaba. Watu waliotuletea tambi na kaimati hatutawauliza dini siku ya giza. Wakongwe wanaoishi peke yao ghorofa za juu, wajawazito, wenye kisukari wasioweza kukaa na njaa, mama anayenyonyesha, ambaye akiishiwa chakula mtoto naye ameishiwa: hawa waandikwe kwanza, na kando ya kila jina liandikwe jina la kijana atakayepandisha dumu.

Liko suala moja ambalo tumelijadili bila kuafikiana. Je, familia iliyopokea mchele wa jumuiya irudishe hali yake itakapotengemaa? Wapo wanaosema irudishe, kwani pasipo hivyo ndoo zitakuwa tupu kabla ya masika na mpokeaji atajiona ombaomba. Wengine wanasema sadaka haina deni, na kwamba mtu mwenye haya atalala njaa kuliko kukopa mchele wa Kanisa. Maoni yetu, tukilazimika kuyatoa, ni kwamba daftari liandike kilichotoka na lisiandike kinachodaiwa. Mwenye kupata atarudisha konzi yake kama familia nyingine zote, siku ileile zinapotoa, na atakayehesabu asiweze kuitambua konzi hiyo kati ya nyingine.